Bingo ya Masista na Wakimbizi wa Mariel

Mwezi Oktoba 1980, katika jiji la San Francisco, Marekani, wanaume waliojivika majoho ya masista wa Kanisa Katoliki waliwaalika watu kucheza bingo, na baada ya bingo dansi la salsa. Kikundi chao, Sisters of Perpetual Indulgence, kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Herb Caen, mwandishi mashuhuri wa gazeti la San Francisco Chronicle, aliitaja shughuli hiyo katika safu yake siku ile ile, nao watu wakajitokeza kwa wingi. Faida iliyopatikana ilikuwa dola 1,500.

Fedha hizo zilikabidhiwa mpango wa Metropolitan Community Church wa kuwasaidia wakimbizi wa Cuba. Kanisa hilo lilianzishwa na Troy Perry huko Los Angeles mwaka 1968, ili wapenzi wa jinsia moja wapate mahali pa kusali bila kufichaficha.

Hapana budi ieleweke wakimbizi hao walikuwa nani. Kati ya Aprili na Oktoba 1980, Wacuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel hadi Florida. Serikali ya Havana iliwaita takataka, na wapenzi wa jinsia moja walikuwa miongoni mwa wale ambao iliona heri waondoke. Mapinduzi yaliyofuta ujinga wa kusoma na kuandika, na kumfikishia mkulima daktari, yalishindwa kumwona raia katika watu hawa. Rafiki wa mapinduzi hayo hana sababu ya kulifumbia macho jambo hilo. Wala Marekani haikuwa na la kujivunia: ilijiita kimbilio la wanyonge, ilhali sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1952 ilitumika kuwafungia mlango watu wa namna hiyo hiyo, na haikurekebishwa mpaka 1990. Wakimbizi wasio na jamaa walibaki katika kambi za jeshi, kama ile ya Fort Indiantown Gap, Pennsylvania, wakingoja mtu wa kuwadhamini.

Wakatoliki wengi walikwazwa na mavazi yale, na kukwazwa kwao kunaeleweka. Hata hivyo, bingo ni desturi kongwe ya parokia za Marekani zenyewe, ambako mapaa na madawati mengi yamelipiwa kwa mchezo huo. Masista hao wa bandia waliazima vazi na njia kwa pamoja.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba malazi ya mkimbizi ni wajibu wa serikali, si wa kadi za bingo. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini serikali mbili zilikuwa zimekwisha kupata nafasi yao, na mtu aliyetoka kambini bila ndugu alihitaji chakula wiki ile ile. Tena, yeyote aliyepata kuuza tiketi za dansi la mchango anajua kwamba watu hutoa kwa moyo mkunjufu wanapofurahi, na katika mchango wa namna hiyo mpokeaji halazimiki kusimama mbele ya umati akisimulia ufukara wake.

Mwaka 1982, UKIMWI ulipoanza kuwaua vijana wa mtaa wa Castro (jina hilo ni la José Castro wa enzi za utawala wa Mexico, si la Fidel), kikundi hicho hicho kiliandaa mashindano ya mbwa ili kuwachangia wagonjwa, mwigizaji Shirley MacLaine akiwa miongoni mwa walioyaongoza.

Fidel mwenyewe, akizungumza na gazeti la La Jornada la Mexico mwaka 2010, alikiri kwamba mateso waliyopata wapenzi wa jinsia moja baada ya mapinduzi yalikuwa dhuluma kubwa, na kwamba lawama ni yake. Tarehe 25 Septemba 2022 Wacuba waliipigia kura na kuipitisha Sheria mpya ya Familia, inayowaruhusu kuoana. Wale wa Mariel ambao wangali hai walikuwa wamekaa ugenini miaka 42.