Nani kasema Brodeur alichelewa kustaafu?

Wapenzi wa michezo tuna tabia moja inayonikera. Mchezaji akishafika umri fulani, wote tunageuka kuwa maofisa utumishi wake. Tunampangia siku ya kuondoka. Akiondoka mapema tunasifu busara zake, akibaki tunasema anang'ang'ania, hajui kusoma alama za nyakati. Leo namtetea mmoja wa walioambiwa hivyo: Martin Brodeur.

Najua kwa wengi wetu hoki ya barafu ni ile chaneli tunayoipita tukitafuta soka, kwa hiyo nieleze kidogo. Wachezaji wanateleza juu ya barafu wakigombea kidude cha raba, kigumu na bapa, ambacho kikipigwa vizuri kinapita kilomita 150 kwa saa. Golikipa kazi yake ni kukaa njiani kidude hicho kinapokuja. Brodeur, Mkanada wa Montreal, aliifanya kazi hiyo katika timu moja, New Jersey Devils, kwa zaidi ya miaka 20. Alibeba Kombe la Stanley mara 3 (1995, 2000 na 2003) na medali 2 za dhahabu za Olimpiki. Alishinda mechi 691 za ligi kuu ya NHL, na hadi leo hakuna golikipa aliyemfikia.

Kisha mwaka 2014 mkataba ukaisha. Alikuwa na miaka 42. Mwaka mmoja kabla, Devils walikuwa wamemleta Cory Schneider, kijana aliyezaliwa miaka 14 baada yake, na ilikuwa wazi kwamba goli sasa ni la Schneider. Siwalaumu Devils. Mwajiri ana haki ya kutazama mbele.

Ila tuelewe kwamba mkataba wa golikipa ukiisha si sawa na wa mshambuliaji. Mshambuliaji akizeeka, kocha anampunguzia dakika. Katika hoki wachezaji wanaingia na kutoka kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo mzee anaweza kupewa dakika 8 na bado akawa na faida. Golikipa hana hiyo nafuu. Ama anasimama golini dakika zote 60, ama anakaa benchi. Na kila timu inabeba makipa wawili tu. Mwaka 2014 NHL ilikuwa na timu 30. Pigeni hesabu: nafasi kama 60 hivi, na nyingi zilikuwa na wenyewe.

Sasa Brodeur angefanya nini? Angeweza kustaafu hapo hapo, apigiwe makofi. Angeweza kwenda ng'ambo kama Dominik Hasek, aliyerudi kwao Czech kisha akacheza Urusi hadi karibu miaka 46. Au angekaa nyumbani kusubiri simu, akijua kwamba simu hiyo ingelia tu kama kipa wa mtu mwingine ameumia. Alichagua hili la mwisho, lenye aibu kuliko yote machoni pa watu. Alisubiri miezi mitano. Brian Elliott wa St. Louis Blues alipoumia, ndipo Brodeur akaitwa kwa majaribio. Hebu fikirieni, mtu mwenye ushindi kuliko wote katika historia ya ligi anafanyiwa majaribio! Desemba 2014 akasaini.

Alicheza mechi 7, akashinda 3. Moja kati ya hizo alimaliza bila kufungwa, ikawa ya 125 katika maisha yake, na hiyo pia ni rekodi. Elliott akapona, Brodeur akarudi benchi, na Januari 2015 akatangaza kustaafu.

Kuna wanaosema mechi 7 zile zilimchafulia jina. Zilichafua nini hasa? Februari 2016 Devils walistaafisha jezi yake namba 30. Mwaka 2018 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa hoki. Hakuna aliyemnyima heshima kwa sababu alivaa jezi ya bluu kwa wiki chache.

Zaidi ya hapo, Blues walimpa kazi ya ushauri siku ile ile aliyostaafu, na miezi michache baadaye akawa meneja mkuu msaidizi. Mwaka 2018 akarudi Devils kama kiongozi wa ofisini. Mimi naona benchi la St. Louis ndilo lililomfungulia mlango huo. Na muhimu kuliko cheo, aliondoka baada ya kuhakikisha mwenyewe kwamba imetosha.

Si wote wanaopata bahati hiyo. Henrik Lundqvist aliachwa na New York Rangers mwaka 2020 baada ya misimu 15. Akasaini Washington, lakini madaktari wakagundua tatizo la moyo, akafanyiwa upasuaji. Hakucheza hata mechi moja, na mwaka 2021 akastaafu. Muulizeni yeye kama mechi 7 ni kitu kidogo.

Mtasema hawa ni matajiri, hawana njaa. Kweli. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Kama mtu asiye na shida ya kodi ya nyumba bado anaumia kuambiwa kazi yake imekwisha, basi kazi ni zaidi ya mshahara. Sisi wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine.

Klabu ina haki ya kusema hapana. Mwili nao una haki hiyo. Sisi wa kwenye kochi, rimoti mkononi, haki hiyo tuliipata wapi?

Nyie mnasemaje wadau?