Mtungi una tarehe ya mwisho

Gari la haidrojeni halijafika Rubya, huku kwetu Kagera. Ndiyo maana tunapiga kelele leo.

Magari mengi yanayopita Bukoba na Muleba yalitumika kwanza Japani. Jipya la kule, baada ya miaka 10 au 12, linabeba abiria na mikungu ya ndizi huku kwetu. Toyota ilianza kuuza Mirai ya haidrojeni Japani mwaka 2014, na mitungi yake ya gesi ilipewa umri wa miaka 15. Likija kwa mtindo tuliouzoea, mitungi itakuwa imebakiza miaka mitatu hadi mitano. Nani atainama chini ya gari bandarini, au mpakani Mutukula, aisome tarehe hiyo?

Atakayesema hayo ni ya mbali aende Dar es Salaam akaone bajaji na teksi zinazotembea kwa gesi asilia, mtungi ukiwa nyuma ya abiria. Teknolojia hiyo itapanda kuja bara, na mazoea tutakayoijengea ndiyo yatakayoipokea haidrojeni, ambayo hushindiliwa mara 300 hivi ya upepo wa tairi.

Fundi wetu hutafuta panapovuja kwa pua na povu la sabuni. Haidrojeni haina harufu, na mwali wake mchana karibu hauonekani. Mtungi una vali inayofunguka yenyewe joto likifika nyuzi 110 hivi, gesi itoke kabla haujapasuka. Fundi asiyefundishwa, akiona vali hiyo inavuja, ataiziba. Hapo amefunga mlango pekee wa kutokea.

Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya 100 walikufa. Na ile ilikuwa petroli, tunayoijua kwa harufu tangu utotoni. Janga la gesi likitokea huku kwetu Ihangiro, majeruhi watakimbizwa Hospitali ya Rubya, na wauguzi ndio watakaolipa uzembe wetu kwa kukesha.

Shirika la Viwango (TBS) lisisubiri. Kila mtungi wa gari, kuanzia wa gesi asilia, uwe na kibandiko cha Kiswahili chenye tarehe ya mwisho, mahali ambapo trafiki na abiria wanakiona. Uliokwisha umri utobolewe mbele ya mkaguzi, usirudi sokoni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iwafuate mafundi gerejini, hata wasio na cheti. Na Zimamoto wa Kagera wapewe vifaa vya kutambua gesi, kwa sababu moto wa haidrojeni hawatauona kwa macho.