Ukiteremka Pwani wakati wa kaskazi, mwulizie falusi

Likizo ya Desemba inabisha hodi, na katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret mazungumzo ya mezani ni yale yale: je, mwaka huu tutateremka Pwani au hatuteremki? Tangu gari moshi la reli mpya lianze kubeba abiria mwaka 2017, safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa ya saa chache tu, na hata familia yenye mfuko mwembamba ikianza kujinyima mapema huweza kujikuta ufuoni kabla ya Krismasi. Watoto wanataka kuogelea. Baba anataka kulala chini ya mnazi bila kuulizwa habari za karo. Mama naye anataka, angalau kwa siku nne, kula chakula ambacho hakukipika yeye.

Na chakula chenyewe ni samaki. Hapo ndipo safu hii ina neno nanyi leo, wasomaji wetu wapenzi, kwa sababu sisi watu wa bara tukifika Pwani huagiza samaki kama tunavyoagiza nyama choma. Twataka aliye mkubwa, aletwe upesi, na jina lake hatuna haja nalo. Tunamjua ngege, tunamjua mbuta, tunaijua omena, basi. Mhudumu akisema "kuna samaki wa leo", tunaitikia kwa kichwa na kuendelea na soda zetu.

Mwaka mmoja, katika hoteli ambayo sitaitaja, niliagiza huyo "samaki wa leo" huku mawimbi yakivuma hatua thelathini tu kutoka meza yetu. Nilipodadisi, nikaambiwa ametoka kwenye friza, na kabla ya friza alitoka kwenye katoni iliyosafiri kwa meli kutoka Asia. Sasa hiyo ni leo gani?

Samaki ninayetaka mwulizie ni falusi. Wengine humwita felusi, na katika orodha za vyakula za hoteli za kitalii utamkuta kwa jina la dorado au mahi-mahi, ambalo asili yake ni visiwa vya Hawaii. Waingereza nao wana jina lao lililotia wageni wengi hofu, kwa kuwa linafanana na lile la pomboo. Ondoa shaka. Pomboo ni mnyama anayenyonyesha watoto wake na ambaye ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Falusi ni samaki kamili, mwenye matamvua na mapezi yake, na wala hawana undugu wowote.

Akiwa hai ni pambo la bahari: ubavu wa dhahabu, mgongo wa kijani na buluu, na pezi refu linaloanzia kichwani hadi karibu na mkia. Dume humjua kwa paji lake la uso lililosimama wima kama ukuta. Lakini rangi zile humtoka dakika chache tu baada ya kufa, naye hubaki na rangi ya fedha iliyofifia. Kwa hivyo ukimkuta sokoni amepauka usidhani umeuziwa wa juzi. Zipo dalili nyingine za kumpima, nami nitazitaja.

Kwa nini falusi, na bahari imejaa samaki? Sababu ni kwamba falusi ni samaki wa haraka katika kila jambo. Huogelea kwa kasi, hula kwa pupa (wale panzi wa baharini wanaoruka juu ya maji ndio kitoweo chake), na hukua upesi mno. Katika maji ya joto kama yetu, falusi huwa tayari kuzaa akiwa na umri wa miezi minne au mitano hivi, na jike hutaga mayai mara nyingi kwa mwaka. Ni wachache wanaovuka miaka minne. Kwa maneno mengine, samaki mwenye urefu wa mita moja uliyewekewa mezani huenda ni mdogo kuliko mtoto wako anayejifunza kutembea.

Sasa mlinganishe na chewa, ambaye pengine umemsikia akiitwa tewa. Huyu ni samaki wa mwambani, anayekaa kwenye pango lake mwaka baada ya mwaka. Hukua polepole, huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike kisha wakigeuka madume wanapokuwa wakubwa. Ukimvua mdogo, umemwondoa kabla hajazaa. Ukimvua mkubwa, huenda umemwondoa dume wa pekee wa sehemu ile. Chewa mzima kwenye sinia ni chakula cha kifahari, sikatai, lakini pengo analoliacha halizibwi kwa msimu mmoja.

Kuna na pono, yule wa rangi nyingi mwenye mdomo kama wa kasuku. Kazi yake ni kukwangua mwani na matumbawe, na yale anayoyasaga hutoka tumboni mwake yakiwa mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe ambao watoto wako wanajengea nyumba imepitia tumboni mwa pono. Waambie usiku, hawatalala kwa kucheka.

Mwamba wetu umeona mengi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya Pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Juya, ule wavu unaokokotwa hadi ufuoni ukizoa wakubwa na wadogo pamoja, ulipigwa marufuku mwaka 2001, ingawa kupiga marufuku ni jambo moja na kukomesha ni jingine. Ndani ya mwamba ndipo mahali ambapo mvuvi mwenye mtumbwi wa kasia hufika, na kila mwaka watu wanaotegemea maji yale huongezeka. Hao wana watoto wa kusomesha kama wewe. Changu na tafi wa ndani ya mwamba ndio chakula chao cha kila siku, na sisi wageni tunapofurika mwezi wa Desemba tukitaka samaki hao hao kwa bei yoyote, tunaingiza mkono katika sufuria ya jirani.

Si kwamba wenyeji wamekaa kitako. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa za kwanza nchini. Kule Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wanakijiji wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao wakakubaliana isivuliwe, wakaiita tengefu. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ukiwa Kilifi wapeleke watoto wakaone. Ni somo la sayansi lisilo na ubao.

Falusi yeye haishi mwambani. Makao yake ni nje, kwenye maji ya buluu, na bahati njema ni kwamba sehemu nyingi za pwani yetu kilindi hakiko mbali. Hupenda kukusanyika chini ya kitu chochote kinachoelea: gogo, kifungu cha mwani, hata pipa lililotupwa. Wavuvi humtafuta kwa mshipi wa kurambaza, yaani ndoana na chambo vinavyokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda. Mmoja akinasa, mvuvi mjanja hamtoi majini mara moja. Humwacha kando ya chombo, na wenzake wa kundi lile hubaki wakimzunguka, nao wakavuliwa mmoja mmoja. Huwa naona huruma kidogo nikiufikiria ujanja huo, ila huruma yenyewe haijawahi kunifikisha hadi kukataa sahani. Muhimu ni kwamba ndoana moja huvua samaki mmoja. Haizoi vifaranga wala haivunji matumbawe.

Msimu wake ni kaskazi, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, bahari inapotulia na vyombo vidogo vikaweza kuvuka mwamba. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili, mawimbi hupanda na wengi hubaki ndani. Kwa hivyo anayeteremka likizo ya Agosti asing'ang'anie falusi. Aulize dagaa wa baharini, au sehewa kama kuna chombo kilichothubutu kutoka.

Nisieleweke kwamba kila samaki wa maji makuu ni halali ya kufujwa. Papa huzaa watoto wachache na huchelewa kukomaa, na mimi kwa upande wangu nimeacha kumla. Nguru ni mtamu, lakini anasakwa mno Bahari ya Hindi nzima. Na hata falusi mwenyewe hunaswa na meli kubwa za kigeni zinazotega jodari kwa maboya ya kuelea. Kuzaa upesi si sawa na kutokwisha.

Utampataje? Njia bora ni kwenda mwenyewe kwenye bandari ya wavuvi, iwe Kilifi, Watamu, Malindi au Shimoni, vyombo vinapoingia. Usifike kwa kelele za kitalii. Amkia kwanza, "Shikamoo, mzee", kisha uulize chombo kimeingia saa ngapi na samaki alivuliwa nje au ndani ya mwamba. Utajibiwa, na pengine utapewa hadithi ya bure juu yake. Ukinunua pale, fedha yako haipitii mikono mingi. Mvuvi asiye na chombo chake hugawana pato na tajiri aliyemkopesha mashua na nyavu, hivyo bei nzuri ya asubuhi moja si jambo dogo nyumbani kwake. Pembeni utawaona akina mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki na kuwakaanga kwa ajili ya kuuza. Wakikutengenezea na kukukaangia, walipe bila kubishana kana kwamba uko Gikomba.

Hotelini nako uliza. "Kaka, samaki wa leo ni yupi, na ametoka wapi?" Mhudumu akienda jikoni kuuliza mara tatu, wiki ya nne mpishi ataanza kuuliza mvuvi.

Sasa dalili. Macho yawe maangavu na yaliyojaa, yasiwe yamezama. Matamvua yawe mekundu. Nyama ukiibonyeza irudi. Harufu iwe ya bahari. Na juu ya yote, barafu. Falusi, kama jodari na sehewa, akiachwa juani nyama yake hujenga kitu kiitwacho histamini, na hicho hakifi kwa moto, hata umkaange hadi awe mkaa. Aliyekula huiva uso, huwashwa mwili, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, wakati mwingine katika dakika chache tu. Wengi husema "nina aleji ya samaki" kumbe samaki alilala juani. Ukihisi ladha ya ukali kama pilipili mahali pasipo pilipili, acha kula. Na mtu akishindwa kupumua vizuri, mkimbizeni hospitalini. Mfanyabiashara asiye na barafu mpite, hata akushushie bei.

Kwa walio katika nyumba ya kupanga yenye jiko, mpikeni wa kupaka. Kwa watu sita, chukua kilo moja na nusu ya vipande vinene, ngozi ikiwa bado juu yake, maana ndiyo itakayoshika nyama isianguke makaani. Ponda kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi mbili, changanya na chumvi na maji ya ndimu, paka, acha nusu saa mahali penye baridi. Wakati huo kuna nazi mbili kwa mbuzi, ukamue tui zito kando na jepesi kando. Watoto wa mjini waliozoea tui la mkebe waachiwe mbuzi nao wajaribu. Mnyama asiyelia, asiyekula majani, na bado ana meno.

Bandika tui jepesi na bizari ya manjano, kitunguu, nyanya moja iliyosagwa na maji kidogo ya ukwaju. Likipungua, tia tui zito na ukoroge bila kuacha, kwa moto mdogo, lisije likakatika. Samaki mchome juu ya makaa yaliyotulia. Hapa ndipo wapishi wengi wa bara huharibu, kwa kuwa tumezoea kuchoma mbuzi. Falusi hana mafuta mengi, na dakika tatu za ziada humfanya mkavu kama pamba. Nyama ikigeuka nyeupe na kuachana kwa uma, mtoe. Mpake lile tui zito pande zote, mrudishe makaani kidogo tu hadi tui lishike rangi, kisha mmwagie lililobaki. Mle kwa wali wa nazi au mkate wa sinia, na kachumbari.

Kichwa msimwachie paka wa jirani. Asubuhi yake kichemsheni na muhogo, ndimu na pilipili, mnywe supu hiyo kabla ya kufunga mizigo, kwa maana gari moshi halina kitu kama hicho.