Kabla ya kumkata motari mshahara, tuangalie pesa ya mafuta

Katika koperative nyingi za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo kuko pikipiki ya zamani iliyobaki baada ya mradi kufunga. Mara nyingi ni Yamaha AG 100 ama DT 125, zenye moteri ya tempo mbili. DT ni ndugu ya zile pikipiki za mashindano ya motocross: ni nyepesi, imeinuka juu, na inapita kwenye matope bila shida. Siku pistoni inakwama, komite inakutana na hukumu inakuwa moja: motari ameua pikipiki, akatwe mshahara.

Sisi waagronomu tunaozunguka mashambani na pikipiki hizo tunaona kwamba mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Moteri ilianza kufa siku komite ilitoa pesa ya esansi na kukataa pesa ya mafuta.

Pikipiki za teksi hapa Goma ni za tempo nne. Mafuta yao yanakaa chini ya moteri na kuzunguka humo mpaka yabadilishwe. Tempo mbili haiko hivyo. Mafuta yanaingia pamoja na esansi, yanalainisha pistoni, kisha yanaungua na kutoka kwa eshapema. Basi yanaisha kila safari, kama vile esansi inaisha. Mwenye kutoa pesa ya esansi peke yake ametoa nusu ya safari.

AG na DT ziko na tangi ndogo ya mafuta na pampu yake. Motari aangalie tangi hiyo kila asubuhi. Kama fundi alishatoa pampu, lazima kuchanganya kwa mkono. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, bidoni ya esansi ya lita 5 inataka mililita 100 za mafuta ya tempo mbili. Tununue kikombe chenye alama, tuache kukisia kwa kifuniko cha chupa pale kwa kadafi wa kando ya barabara. Mafuta yakipunguka, pistoni inakwama. Yakizidi, buji inalowa na eshapema inajaa masizi.

Jambo la pili ni vumbi. Barabara zetu zinapita juu ya mawe ya Nyiragongo, pamoja na lava ya 2002 na ya 2021. Vumbi la mawe hayo linakwangua kama msasa. Kuko mafundi wanaotoa filtri ya hewa wakisema moteri ipumue vizuri. Tusikubali. Sponji ya filtri ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, ipakwe mafuta kidogo, ikamuliwe, irudi mahali pake. Wakati wa kiangazi tufanye hivyo kila juma.

Jambo la tatu ni milima. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Masisi kuko vilima vinavyopita mita 2,000, na Walikale-centre iko chini ya 1,000. Juu, hewa ni nyepesi na esansi inazidi. Chini, hewa ni nzito na esansi inapungua, moteri inapata joto kali. Karburateri iliyopangwa kwa ajili ya Masisi, ikipewa jigleri ndogo, inaweza kuunguza pistoni ikishuka Walikale. Buji itatuambia: rangi ya kahawa ni nzuri, nyeusi yenye kulowa ni esansi ama mafuta mengi, nyeupe ni hatari, simama. Na kwenye mteremko mrefu wa kuja Sake, motari asifunge gesi moja kwa moja huku giya inavuta moteri. Gesi ikifungwa, mafuta nayo hayafiki vizuri. Akamate ambreyaji, afungue gesi kidogo, kisha aendelee.

Wengine watasema: tuuze hiyo kitu, tununue tempo nne mpya. Iko na faida kweli: inakula esansi kidogo na vipuri vyake viko kila kona. Lakini komite isiyolipa mafuta ya tempo mbili haitabadilisha mafuta ya tempo nne pia.

Tunapendekeza mambo matatu. Mkutano mkuu upige kura kwamba esansi haitoki bila mafuta yake. Daftari moja iandike kila safari: mafuta, filtri, buji, na jina la aliyetoa pesa. Na motari awe na haki ya kukataa kutoka kama mafuta hayako, bila kuadhibiwa. Koperative isiyoweza hayo, afadhali iuze pikipiki ingali inatembea.

Mwezi wa tisa msimu A unaanza. Mbegu za maharagwe zikichelewa juma mbili sababu ya pistoni, mvua haitatungoja. Mnyauko wa migomba haungoji, na maziwa ya Masisi yanachachuka ndani ya bidoni. Hasara hiyo inaingia katika nyumba ya kila mwanachama, na mshahara wa motari mmoja hauwezi kuilipa.