Mlifunga, au mlipiga kura?



Kabla ya uchaguzi wa Mei 2024 mtaa wetu wa Mayfair ulipata wageni wengi. Mwaka mzima huwaoni, ghafla wako Eighth Avenue wamevaa kofia, wanakunywa chai yetu. Mmoja alisimama karibu na duka ninaponunua unga wa chapati akatangaza: "Sisi ndio tulioufunga ubalozi wa Israeli!" Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo, hakupiga. "Shangazi, waliufunga au walipiga kura?"

Usiku tukakaa na simu yake tukatafuta. Kura ilipigwa Bungeni tarehe 21 Novemba 2023: 248 waliunga mkono, 91 walipinga. Hoja ililetwa na EFF, kisha ANC wakaifanyia marekebisho: ubalozi ufungwe na uhusiano usimame mpaka Israeli ikubali kusitisha mapigano na kuingia kwenye mazungumzo chini ya Umoja wa Mataifa. Hilo lilikuwa azimio tu. Kulitekeleza ni kazi ya serikali. Siku tuliyopiga makofi, miezi sita baadaye, ubalozi ulikuwa bado upo Pretoria.

Kwa hiyo bwana yule kura hakudanganya. Alidanganya kitenzi.

Jingine nililojifunza, nyie wenye watoto watakaopiga kura hapa mlijue: wabunge wa nchi hii wengi huingia kwa orodha ya chama, na chama kikiamua, wanafuata. Ukimuuliza mmoja "wewe ulipiga nini?", jibu ni la chama chake. Someni la chama.

Kesho yake nikamsimulia jirani yangu anayeuza vitenge, mama wa Goma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa, akauliza: "Na vita ya kwetu, walipiga kura gani?"

Tukarudi kwenye simu. Hakuna kura. Katiba ya hapa, Ibara ya 201, inampa Rais peke yake uwezo wa kupeleka jeshi nje. Bunge anapaswa kulijulisha tu sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Wanajeshi walianza kwenda Kongo Desemba 2023 chini ya SADC. Barua ya Rais Ramaphosa kuhusu askari 2,900 na gharama ya zaidi ya randi bilioni 2 ilitoka Februari 2024. Kenya ni tofauti: Novemba 2022 Bunge lao liliidhinisha kupeleka askari zaidi ya 900 huko huko Kongo, kwa hiyo Mkenya anaweza kumkamata mbunge wake kwa kura hiyo. Sisi hapa tungemkamata nani?

Januari 2025 wanajeshi 14 wa Afrika Kusini waliuawa upande wa Goma, na mji ukaangukia mikononi mwa M23. Wiki ile kila chama kilikuwa na la kusema kwenye televisheni. Nilimkuta jirani yangu dukani, sauti ya televisheni ameipunguza kabisa, anampigia kaka yake. Namba haipatikani. Akapiga tena.