Msiuguse Uso Wake
Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, jirani na Bwera, magharibi mwa Uganda, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana liliteketezwa, na baadhi ya miili ikabidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA. Kwa mzazi aliyempoteza mwanawe namna hiyo, picha ndogo ya pasipoti iliyobanduliwa kwenye fomu ya shule, kona moja ina wino wa muhuri, huenda ndiyo sura pekee iliyosalia. Ndiyo anayoipeleka studio ikuzwe. Ndugu zangu wapiga picha wa Kasese na Bwera, nawasihi: msiinakili kwa kamera ya simu. Iskanini kwa nukta 1,200 kwa inchi. Mkiichapa kwa 300 itakuwa kubwa mara nne, urefu kwa upana. Futeni muhuri, zibeni mikunjo. Lakini zile programu mpya za kunoa sura hubuni kope na meno ambayo mtoto hakuwa nayo, humng'arisha ngozi, na mama akakabidhiwa mtoto wa watu. Likiwapo kovu juu ya nyusi, liacheni. Huenda alilipata akichunga mbuzi, na nyumbani wanaikumbuka siku yenyewe. Na ile ndogo mrudishieni mwenyewe ndani ya bahasha, kavu, bila kukatwa.