Kalamu na Mtumbwi



Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Kisangani alikuja ofisini mwangu na kompyuta ya kuazima. Anajifunza kuandika programu. Majuma matatu alikuwa anatengeneza kurasa za kuhesabu mchango wa karo za yatima wa parokia. Siku ile tulitaka kuzituma. Mashine ikauliza: faili yenye jina hili iko tayari, nifunike?

Akaniangalia. "Papa Pasta, nijibu nini?"

Mimi, kwa haraka ya ibada, nikasema: "Jibu ndiyo, twende."

Basi, faili ya zamani ikafunika ile mpya. Kazi ya majuma matatu ikaisha kwa kidole kimoja. Kosa lilikuwa langu, si lake. Nilimwomba msamaha, na leo ninawaandikia ili lisiwapate ninyi.

Mwenye kuanza kazi hii anahitaji vyombo viwili tu.

Cha kwanza ni kalamu, ndiyo programu ya kuandikia. Usitumie Word, juu inaongeza alama za kupamba maandishi ambazo wewe huzioni, na kazi inaharibika. Chukua Notepad++, inayotolewa bure tangu 2003. Ukihifadhi, angalia jina la faili mpaka mwisho. Windows inaweza kuficha mwisho huo: unafikiri umeandika .html, kumbe ni .html.txt. Huna kompyuta? Simu ya Android inaweza. Weka programu Termux, na ndani yake kalamu inayoitwa Vim.

Cha pili ni mtumbwi, ni kusema programu ya kuvusha faili hadi seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza kurasa. Kanuni za kwanza za kazi hii, zinazoitwa FTP, ziliandikwa na Abhay Bhushan mwaka 1971. Leo wengi wanatumia FileZilla, nayo ni bure. Ukiifungua, kushoto ni faili zako, kuume ni za seva. Ni kama kuvuka mto kwenda Lubunga: mtumbwi unabeba kwenda na kurudi, lazima ujue unapakia ng'ambo gani. Ukiulizwa kama faili ifunikwe, simama kwanza. Soma tarehe na saa za faili zote mbili. Na mbele ya kuvusha, weka nakala kwenye flashi.

Tena, seva ikikubali, chagua SFTP, mlango wa 22. FTP ya kawaida, mlango wa 21, inapeleka neno lako la siri wazi, kama barua bila bahasha.

Mtauliza: vyombo hivi ni bure namna gani? Sikilizeni habari ya Vim. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alienda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, mahali UKIMWI ulipoacha yatima wengi. Aliporudi hakuanza kuuza programu yake. Aliomba kila anayeitumia, akiweza, asaidie wale watoto. Kwa miaka mingi, aliyefungua Vim alisoma kwanza ombi hilo. Moolenaar alikufa 2023, lakini kalamu yake ingali inaandika.

Wazazi wa migodini, ninyi mnajua: hakuna anayeingia shimoni bila taa. Basi, mkiona kijana ameinama juu ya mashine, msiseme haraka kwamba anacheza. Mwulizeni anajenga nini, na kwa faida ya nani.

Kijana wetu ameanza tena. Sasa mimi ndiye ninayeuliza: "Nakala iko wapi?" Anacheka, anagusa mfuko wa shati. "Iko hapa, Papa Pasta."

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu